Mtungi wa Mama Zuhura

Siku ile tulikuwepo watatu: mimi, Shabani wa bodaboda, na Mama Zuhura. Shabani yuko Kimamba hadi leo, kamuulize. Hili sikusimuliwa, lilinikuta mwenyewe.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipofariki niliacha shule, nikajifunza kukagua vizima moto, ile mitungi myekundu ya ukutani, nikawalea wadogo zangu kwa kazi hiyo. Alasiri ile tulikuwa Mikumi, tunapita gesti hadi gesti. Kwenye moja ya pembeni alitoka mama amekumbatia mtungi wake kama mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa wewe!"

Nikacheka. Mshale wa mtungi ulikuwa kwenye nyekundu, yaani hauna nguvu. Sisi tukiondoka na mtungi kwenda kuujaza, tunaacha wa akiba ili mteja asikae bila kinga. Nilipompa wa akiba, akaukataa.

"Wangu niletee umejaa. Huo katundike jikoni kwa Asha."

Asha ni mdogo wangu wa mwisho, anapika kwenye mgahawa pale Kilosa. Nani alimtajia?

Nilipofika kwenye pikipiki, Shabani alikuwa ananishangaa. "Kaka, unaongea na nani humo kwenye gofu?"

"Si mwenye gesti!"

"Gesti gani? Umevuta nini leo?"

Nikageuka. Kuta nyeusi, paa hakuna, mpapai umeota katikati. Lakini mtungi wake ulikuwa mkononi mwangu, unanuka moshi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilikwenda moja kwa moja kwa Asha, nikautundika ule wa akiba. Siku chache baadaye mpira wa gesi ukashika moto. Asha akavuta pini, akauzima. Alitoka jikoni analia, mweupe kwa unga wa mtungi kama mtu wa mashine ya kusaga.

Majirani wa gofu lile ndio walionitajia jina la Mama Zuhura. Gesti yake ilipoungua alishatoka nje, akarudi ndani na mtungi kuwaokoa wapangaji. Mtungi haukutoa kitu, naye hakutoka tena.

Asha yu hai, na mimi bado nadaiwa. Mtungi ule nimeujaza sijui mara ngapi. Kila nikimpelekea, nikifika Mikumi mshale umerudi kwenye nyekundu, na lakiri ya kwenye pini haijaguswa.

Nawe unayesoma, inuka sasa hivi ukautazame mshale wa mtungi wako. Usinisubiri mimi. Kesho naenda tena kuujaza wa Mama Zuhura.