M Ndogo na M Kubwa

Watu wa mtaa wa mafundi walimwita Mama Hakika, kwa sababu mteja hakuwahi kumaliza maneno yake bila kuulizwa, "Una hakika?" Kazi yake ilikuwa kugonga herufi kwenye vibati vya chuma: herufi ya chuma juu ya bati, nyundo juu ya herufi, pigo moja basi, maana kilichogongwa hakifutiki. Alifundishwa na marehemu mumewe, na baada ya mazishi alibaki katika chumba kilekile pamoja na shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenye mashine ya kukereza vyuma.

"Shemeji, wewe hata kivuli chako unakidai kitambulisho," shemeji alizoea kumtania.

"Kivuli changu nakijua. Vinavyonitia wasiwasi ni vya wenzangu."

Mteja aliyemtia wasiwasi kuliko wote aliletwa na huyohuyo shemeji. Alikuwa mpimaji wa uimara wa vifaa, kijana wa viatu vinavyong'aa, na viatu vinavyong'aa kwenye mtaa wa grisi ni vya kutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza alitaka vibati vidogo vya springi, viandikwe 2 mN. Alieleza vizuri tu: nguvu hupimwa kwa nyutoni, na m ndogo maana yake ni sehemu ya elfu ya nyutoni. "Hizo mbili ni kama uzito wa punje nane hivi za mchele, mama." Mama Hakika akagonga.

Juma lililofuata akarudi, anataka kibati kimoja kikubwa: 2 MN.

"Naona herufi imekua," Mama Hakika akasema.

"Ndiyo. M kubwa ni nyutoni milioni."

"Una hakika?"

"Mama, we gonga tu. Nitapita kesho."

Mlangoni alikutana na shemeji. Wakanong'ona, wakacheka. Mama aliponyanyua kichwa, wakanyamaza kama redio iliyokatikiwa umeme.

Akaiweka nyundo, akachukua chaki, akahesabu juu ya meza. Kutoka m ndogo hadi nyutoni nzima, sifuri tatu. Kutoka nyutoni hadi M kubwa, sifuri sita. Jumla tisa, yaani bilioni moja. Punje nane za mchele zilikuwa zimegeuka tani mia mbili, malori ishirini yaliyoshiba, na hakuna kilichobadilika isipokuwa herufi. Akaona springi nyembamba imevishwa kibati cha uongo, mtu asiyejua ameitundikia mzigo, na mwingine amesimama chini yake. Na herufi ni za mkono wake.

Jioni akamwuliza shemeji, "Mlikuwa mnacheka nini?"

"Mambo ya kiume tu, shemeji."

"Kaka yako alipokuwa na mambo ya kiume, ujue kuna kitu amevunja."

Shemeji akainamia mashine yake kama anayekereza, ingawa alikwisha kuizima.

Asubuhi Mama alikigonga kibati, akakifunga kwenye kitambaa, akakipeleka mwenyewe kazini kwa mpimaji. Hakutaka kukiachia kabla ya kuona kinapobandikwa. Mpimaji alishtuka kumwona, na kwa Mama mshtuko huo ulitosha kuwa ushahidi.

"Nionyeshe kinapokwenda."

Akampitisha chumba cha mbele, ambako springi nyembamba kama unywele zilikuwa ndani ya kabati la kioo, kila moja na kibati chake. Mama akavisoma kimoja kimoja. Vyote m ndogo. Kwenye banda la nyuma ilisimama mashine ya kuvunjia nguzo za zege, imemzidi mtu kimo, na ubavuni ina matundu manne ya skrubu, hayana kitu. Mpimaji akaingiza nguzo fupi, akawasha. Nguzo ikanung'unika, ikapasuka, na Mama akasikia sakafu mpaka kwenye meno.

"Haya. Mashine mbili, herufi mbili," akasema. "Sasa niambie mlichokuwa mnanong'ona."

Mpimaji akamtazama. "Kwani shemeji yako hakukwambia? Fundi wetu wa vibati alichanganya hizo herufi, tukamwachisha. Nilimwomba shemeji akuulize kama utakuja kutufanyia kazi. Akasema umekataa, na mimi nisikuguse, unauma."

Mama alirudi akitembea polepole. Kumbe shaka yake ilikuwa na macho, ila ilimkazia mtu siye.

"Nilikataa lini?" akamwuliza shemeji kabla hajaketi.

Shemeji alifuta mikono muda mrefu. "Wateja wanafuata herufi zako, ndipo wanaiona mashine yangu. Ukiondoka, nimekwisha. Halafu tangu kaka atutoke, nikikusikia unakohoa upande ule najua siko peke yangu."

Mama hakujua aamini nusu ya kwanza au ya pili. Mwishowe akaamua kwenda kwa mpimaji siku mbili kwa juma, nyingine abaki mtaani, na mtu yeyote mwenye neno naye amwambie yeye mwenyewe. Shemeji akaitikia haraka mno, jambo ambalo nalo halikumpendeza.

Kabla ya kuanza kazi alimtafuta yule fundi aliyeachishwa, akamkuta kwake anaziba pancha ya baiskeli.

"Ni kweli ulichanganya herufi?"

"Kweli. Walinifokea kupita kiasi, lakini nilichanganya."

"Una hakika?"

Fundi akacheka, akamsogezea kigoda. Jumatatu Mama Hakika akaanza kazi.