Nzuri Tu, Ila

Fundi Dakika alitengeneza saa kwa miaka arobaini, na jina hilo alibandikwa na wateja. "Njoo baada ya dakika tano," alikuwa akiwaambia, na dakika zake tano ziliweza kuchukua siku mbili. Siku hizi macho hayaoni tena skrubu, mkewe ametangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee yuko mbali, hupiga simu anapokumbuka. Amebaki na chumba kimoja, viti viwili, na Alhamisi.

Alhamisi asubuhi ndipo alipokuwa akija binti wa ofisi ya ustawi wa jamii. Alimpima presha, akamkata kucha za miguu ambazo magoti hayakumruhusu kuzifikia, kisha wakanywa chai huku binti akisikiliza hadithi zile zile za saa. Alimwita baba. Fundi alikuwa akinyoa ndevu tangu Jumatano, asije akachelewa.

Kisha ofisi ikaleta mtambo. Wazee ni wengi, maofisa wachache, wakasema. Basi kompyuta itapiga simu kila wiki, ikusanye majibu na kuamua nani atembelewe. Ikampigia. Sauti ya kike, yenye adabu zake: "Habari za wiki hii?"

"Nzuri tu, tunashukuru. Ila magoti..."

Simu ikakatika.

Jamani, mtu aliyelelewa akalelewa hujibu salamu kwa "mbaya"? Hata mwenye msiba ndani huanza na nzuri, ndipo aseme ila. Habari zetu za kweli hukaa baada ya ila, na huyo aliyeutengeneza mtambo hakuulizia. Wiki nane mfululizo Fundi akajibu nzuri. Wiki ya tisa, Alhamisi ikapita bila mlango kugongwa. Iliyofuata pia.

Kucha zikakua hadi kiatu kikamkataa. Akaenda ofisini kwa kandambili, akichechemea. Binti akampa kiti, akamgeuzia kompyuta aione.

"Baba, imekuandika mtu mwenye hali njema. Uko mwisho kabisa wa orodha, na mimi natumwa na orodha tu."

"Kwani wewe huijui hali yangu, mwanangu?"

"Naijua. Lakini mimi siulizwi." Akateremsha sauti. "Ikikupigia, sema mbaya. Neno moja, usiongeze kitu."

Simu ilipolia, Fundi akaipokea. "Mbaya," akasema, na aibu ikampanda kana kwamba ametukana mbele ya wakwe. Akasubiri. Ukisema mbaya, hata adui yako atakupa pole.

"Asante kwa jibu lako," sauti ikasema, ikakata. Upweke ulimuuma siku hiyo kuliko siku zote.

Wiki tano alijibu hivyo hivyo. Alhamisi ya sita mlango ukagongwa. Binti alikuwa amesimama kizingitini na mkoba wake wa kipimo cha presha, anatabasamu. Fundi alikuwa amenyoa. Jumatano zote hizo hakuacha kunyoa. Furaha ilimjaa kifuani, akahisi hajawahi kuwa mzima kama asubuhi hiyo.

"Shikamoo, baba. Habari za siku nyingi?"

Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi, na safari hii lilikuwa la kweli. Kisha akaiona simu ya ofisi mkononi mwa binti, kioo kinawaka, kinasubiri jibu la kuingia kwenye orodha.

"Marahaba," akasema Fundi, akainamisha macho. "Mbaya, mwanangu. Mbaya tu."