Mita Moja, Vyumba Sita

Nakumbuka asubuhi ile mama yangu alipolipita bomba la uani na ndoo tupu kichwani, akashika njia ya mtoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwanangu, nimekupakata wewe, kitovu chako bado kibichi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, wanunuzi wa pamba walipojaa hapa Bariadi na kila mwenye kiwanja akajenga vyumba vya kupangisha. Sisi tulipanga kwa Mama Minza. Vyumba sita, bomba moja, mita moja. Bili ikija, Mama Minza anaigawa kwa vichwa. Mgeni akilala, naye ni kichwa. Ukisikia hivyo unaona ni haki. Hata baba yako aliona ni haki.

Lakini kanuni ile ilitufanya tuchunguliane makoo. Ukifua, jirani anahesabu ndoo. Ndugu yako akija, hawamwulizi habari za nyumbani, wanauliza anaondoka lini.

Mama alitoka kijijini kwetu Migato kuja kunikanda. Wewe ulikuwa uzazi wangu wa kwanza, na kwetu mzazi hukandwa na mama yake, kwa maji ya moto, tena mengi. Hajatua hata mzigo.

"Mwangaluka, mayu," Mama Minza akamwamkia mama kwa Kisukuma, vizuri tu, kisha akanigeukia mimi. "Kichwa kimeongezeka hapo kwako."

"Na mzazi mwenyewe anaoga kama bata!" akadakia mpangaji wa chumba cha pili. Wenzake wakacheka.

Mama akawatazama ng'ombe wa Mama Minza, wanakunywa kwenye karo lililojazwa kwa bomba lile lile.

"Na hawa," akauliza, "vichwa vyao mmeviweka chumba gani?"

"Ng'ombe si wapangaji, mayu," Mama Minza akajibu.

Kesho yake mama hakuligusa bomba. Mto ulikuwa umekauka, akafukua mchanga kwa bakuli, akangoja maji yajikusanye. Kila siku hivyo, na goti lake bovu, mpaka kitovu chako kikadondoka. Nilimsihi aache. Akasema, "Mjukuu wangu haogi maji ya masimango." Halafu akarudi Migato, na kwangu mjini hakukanyaga tena mpaka tulipomzika. Mama Minza alikuja msibani, akalia kweli kweli. Sikumnyamazisha.

Sasa wewe unajenga vyumba vyako Binza, unaniambia mita moja inatosha, wapangaji watagawana wenyewe. Watagawana nini? Watagawana chuki. Mwanangu, kila mlango uwe na mita yake ndogo. Fundi aifunge mahali mpangaji anaiona bila kukuomba ruhusa, na siku ya kuisoma awepo hapo, aone kwa macho yake. Maji ya ng'ombe wako yapite kwenye mita yako. Bomba la uani likivuja, ni lako, usimtwike mtu. Na mgeni wa mtu usimhesabu kabisa, yeye na mwenyeji wake watajuana. Ukiniambia mita ni ghali, nitakuonyesha njia ya mtoni.

Fanya hivyo, na Mungu akujalie nyumba ambamo mama wa mtu atatua mzigo wake na kupewa maji kabla ya kuulizwa lolote. Usipofanya, siku ya kuibariki usiniite.