Taa ya Umau

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, niliamini kwamba pumzi yangu ingeweza kumpoteza mtu njiani. Imani hiyo nilipewa na babu mzaa mama, tuliyemwita Umau, kama Wakamba wanavyowaita babu zao. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mnara wa taa, katika kisiwa kidogo cha ziwani, kabla ya kununua kipande cha ardhi Kisaju, mahali pakavu kabisa. Ila mvua ikinyesha, maji yalitanda juu ya udongo mweusi pande zote, na boma letu likabaki kisiwa.

Jioni za mvua Umau alitundika kandili kwenye mlingoti kando ya tangi, ili mama akitoka kazini kwenye shamba la maua aone pa kuvukia korongo. Sharti lake lilikuwa moja: taa ya mtu anayengojewa haizimwi kwa kupulizwa. Unashusha utambi polepole mpaka ufe wenyewe. Ukipuliza, alisema, umepuliza na njia ya mtu.

Jioni moja homa ilimlaza, akaniachia kazi. Niliona kioo kimeingia masizi, nikataka kukipangusa haraka. Nikakiinua, nikapuliza moto. Tone la mvua likagusa kioo kilichokuwa moto, kikapasuka. Kule korongoni maji yalikuwa yananguruma.

Niliingia ndani nikilia.

"Umepuliza?" Umau akauliza.

"Nimepuliza. Mama atapotea?"

Umau aliinuka kitandani. Alivaa koti, akaegemea bega langu hadi penye tangi. Hapo palining'inia rimu kuukuu ya lori, aliyoitundika tangu alipohamia. Sisi tulidhani ni pambo. Akanipa kipande cha nondo.

"Kisiwani ukungu ukifunika taa tulikuwa tunapiga kengele," alisema. "Sasa wewe ndio taa. Piga."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uone mtu."

Nilipiga hadi viganja vikaota malengelenge. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitetemeka. Nilipoharakisha, alinituliza. "Pole pole. Mwenye anasikia ajue ni mtu, si upepo."

Mama alitokea gizani akiwa na tope hadi kiunoni, viatu mkononi.

"Nani anapiga hiyo kitu hivyo? Nilikuwa nimeshika njia ya huko chini, pale ng'ombe za jirani zilibebwa na maji. Nikasikia ni kama kanisa imehamia kwetu."

"Ni mtoto wako," Umau alisema. "Ako na mkono mzito kama wako."

"Na wewe mzee, si uko na homa?"

"Niko nayo."

Kosa langu hakulitaja, usiku ule wala baadaye.

Mwaka jana nilikwenda kuuona ule mnara. Ni mweupe, mnene chini, na ngazi zake za mawe zimelika katikati. Nilipanda nikikanyaga pale pale palipolika, nikijua nyayo zake zimo. Taa sasa ni ya sola. Nilimuuliza mzee anayeutunza kama ni kweli kupuliza taa kunapoteza watu.

"Hiyo sijawahi sikia, madam," alisema akicheka. "Tuliambiwa tu usipumue karibu na kioo, kinaingia ukungu."

Kengele bado ipo.

Sijui kama Umau aliitunga imani ile mwenyewe, au aliipokea kwa wenzake ambao wameshasahauliwa. Sitafuti tena kujua. Ninachomstahia ni kwamba aliyenitia hofu ile ndiye aliyekuwa ametundika rimu zamani, kabla sijakosea, kwa ajili ya siku ambayo mtu angekosea.

Hapa Kitengela stima ikipotea, wanangu hunicheka nikiminya utambi wa mshumaa kwa vidole vilivyoloweshwa. "Si upulize tu, mum?" Baba yao akiwa bado njiani, sipulizi. Na nyuma ya nyumba, kando ya tangi la plastiki, nimetundika rimu.