Ngao aliyoikataa Mwita

Mpaka sasa akili yangu inagoma. Mwita, yule rafiki yangu fundi wa kuchomelea kule Kewanja, tumemzika Jumamosi. Malaria ya siku tatu tu. Jumapili iliyotangulia alikuwa hapa saluni kwangu Nkende, ameshika pad ya gemu, ananiambia, "Subiri mura, huyu bibi bado anaongea."

Mnaonifuata mnajua mimi ni kinyozi, na hii TV ya saluni mnaijua. Mwita akiwa off anakuja moja kwa moja kutoka site, na vumbi lake, tunacheza gemu moja tu. Ni hadithi ndefu ya wafalme, mazimwi na joka, na kila unachomjibu mtu kinabadilisha yanayokuja mbele.

Maneno yote ni Kiingereza, na changu kinaishia good morning. Yeye ndiye aliyetusomea kwa Kiswahili. Wateja wakinogewa, anatia na Kikurya.

Siku moja tukamkuta mama mjane, mtama wake unaharibika kwa sababu mazimwi yamekaa shambani. Tukayafukuza, tukamvunia. Mwita akasoma: "Wanangu, mmenikuta sina mtu, mmenivunia kama watoto wa tumbo langu. Kaeni mle kwanza."

Mzee niliyekuwa namnyoa akasema, "Kijana, zima mashine nisikie."

Mama akatoa ngao ya marehemu mumewe. Mwita akabonyeza kukataa.

"Mwita, si ndiyo inayozuia moto wa joka?"

"Hii ni risaga, mura. Umeona wapi mtu anaenda kumlimia jirani halafu anadai kitu? Tunakula, tunaondoka."

Basi joka likatuchoma miezi miwili. Nilimnunia, nikamwita mjinga. Yeye anacheka tu, anaanza upya.

Msibani majirani walichimba kaburi, wakala, wakaondoka. Mimi nilishika sepetu nikakumbuka ile ngao, nikalia mbele za watu.

Jana nilifunga saluni mchana, nikarudi kwa yule mama kwenye save ya zamani tuliyokuwa tumeihifadhi. Nikatafsiri kwa simu, neno kwa neno. Alichosema ni hiki: "Asante, msafiri. Chukua ngao." Basi.

Hayo mengine yote yalikuwa ya Mwita. Kumbe gemu niliyoipenda mwaka mzima, nusu yake alikuwa anaitunga yeye, hapo kwenye benchi langu.

Ngao nimeikataa tena.

Leo yule mzee amekuja kunyoa, akauliza yule mama anaendeleaje. Nikaanza kumsimulia kama alivyokuwa anafanya Mwita: "Wanangu, mmenikuta sina mtu..." Sikuweza kumaliza.

Mzee akasema, "Haya, ninyoe tu."

Lala salama, mura. Joka tumeliacha hai, na mimi sina tena wa kunisomea.