Kucheka Mbele ya Baba Mkwe

Siku ya tisa, saa tatu asubuhi, baba mkwe alitoka chumbani akiwa amevaa koti, begi mkononi. Alikuwa amepasuliwa ngiri huko Thika, na daktari alikuwa amemkataza kusafiri wala kubeba kitu mpaka nyuzi zitolewe, siku tano mbele. Akikohoa, abane mto tumboni. Kuhusu kucheka daktari hakusema neno, labda kwa sababu alikuwa ameuona uso wake. Lakini kwao magharibi baba halali nyumbani kwa mwanawe, sembuse kupakana ukuta na mke wa mwana. Siku nane alikuwa ameivumilia nyumba yetu ya Membley. Sasa alitaka basi la saa sita.

"Wenye nyumba wasishangae," aliiambia friji. "Mzee anaenda kwake."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza, kupitia vyombo. Kumpa mkono ni mwiko, kuketi naye ni mwiko, na kumpokonya begi ndiyo usiseme. Mume wangu alikuwa kiwandani Thika, ambako simu hufungiwa kabatini hadi jioni. Mimi ni mtu wa Gitothua, mtaa wa hapa karibu, nimezoea kumgombeza yeyote, lakini hapo nilisimama tu kama mgeni jikoni kwangu. Nilikasirika na kuogopa kwa pamoja. Kidonda kikifunguka njiani, nani atakubali kwamba halikuwa kosa la yule mke Mkikuyu?

Nikakumbuka kwamba ujanani alifanya kibarua Thika, na Jumapili alikuwa hakosi sinema za karate. Kwenye simu nilikuwa na moja tu, nayo si ya kweli: ilitengenezwa kuzifanyia mzaha zile za zamani. Naipenda mpaka basi. Nikairusha kwenye televisheni, labda basi limpite, nikarudi mlangoni mwa jikoni.

Alisimama kidogo. Kisha akaketi ukingoni mwa kiti, begi mapajani.

Mwalimu mwenye ndevu nyeupe alisema neno moja, midomo ikaendelea kucheza nusu dakika nzima. Maadui ishirini walipanga foleni, kila mmoja akingoja zamu yake ya kupigwa, wa nyuma akipiga miayo. Mzee alikunja uso.

"Huyu hajui kupigana hata kidogo," aliiambia televisheni.

Akidhani namdhihaki, basi nimemfukuza mimi mwenyewe. Na kicheko nacho kilikuwa kinapanda. Niliuma kitambaa cha vyombo, maana kucheka mbele ya mkwe ni kama kujivua nguo. Saa tano ikagonga na kupita. Mwalimu akaruka juu, akakwama hewani, akaanza kudai wanafunzi walete ngazi. Wakaileta. Ikawa fupi.

Kikanitoka. Kicheko cha sokoni, chenye kukoroma.

Mzee aligeuka akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kufanya tangu harusi. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kisha kwa sauti nzito ambayo sikujua anayo, begi likaanguka, na katikati ya kicheko akajikunja, mikono tumboni, uso umebadilika.

Mto ulikuwa kwenye kiti cha pili. Sikufikiria mila, sikufikiria mama mkwe atasema nini. Niliunyakua, nikapiga magoti mbele yake, nikaubandika kwenye kidonda na kuubana kwa mikono miwili. Nilimsikia akihema. Nilikagua shati lake nikitafuta damu, sikuiona.

Kicheko kilikuwa kimekatika. Aliiangalia mikono yangu, nami nikaiangalia, nikijua kwamba sasa ana sababu kamili ya kuondoka. Nikaanza kuitoa polepole.

"Usitoe, mama," alisema, macho yamerudi kwenye televisheni. "Hawajamaliza kupigana."