Siku Niliyomkalia Ekai Kwenye Uwanja wa Shabaha

Miaka ya sabini nilikuwa nikipika chai kwenye kilabu ya kulenga shabaha hapa Isiolo. Ekai, fundi wa baiskeli, alitutia hofu sisi wote. Ukimwita jina, anageuka na bunduki yake, mdomo wa bunduki umekuangalia kifuani. Kapteni Galgalo, mkuu wa kilabu, alishamwonya mara tatu.

Siku hiyo mume wangu Halkano alikuwa kule mbele anabandika karatasi za shabaha. Nikamwona Ekai amelala, jicho kwenye bunduki, kidole tayari. Nikatupa birika, nikaruka kamba ya kuzuia watu, nikamkalia mgongoni. “Usiniulie baba ya watoto!”

Galgalo akaja pole pole, amebeba kipande cha chuma.

“Mama Tume, bila hiki bunduki hailii. Nilikitoa asubuhi, ajifunze kulala na kushika vizuri.”

“Kapteni,” Ekai akalalamika chini yangu, “mwambie ashuke. Hata ngamia wa Sericho ana huruma!”

Galgalo akafungua daftari ya wanaohatarisha wenzao, akaandika jina langu. Nilikuwa bado nimemkalia.